Jinsi ya kupanga kozi za shahada ya kemia, tangu wiki ya usajili hadi mradi wa mwaka wa mwisho

Wanafunzi wengi wanaoingia kusoma kemia chuo kikuu wanaamini kwamba hakuna cha kupanga, kwa sababu idara imeshapanga kila kitu. Ukiangalia orodha ya kozi unaona kweli nyingi ni za lazima, muhula wake umeandikwa, na kazi yako inaonekana ni kujisajili tu. Lakini ndani ya orodha hiyo kuna mambo ambayo hakuna atakayekupangia: hisabati utaisoma lini, kozi za hiari zitaangukia muhula upi, saa za maabara utazibeba vipi, fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) utaifanyia wapi na mradi wako utategemea kozi zipi. Mambo hayo ndiyo yanayowatofautisha wanafunzi wawili waliotoka kidato cha sita na alama zilezile, mmoja akamaliza vizuri na mwingine akaburuza sapu (mitihani ya marudio) hadi mwaka wa tatu.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na mwanafunzi wa Tanzania akilini. Shahada ya kemia hapa huchukua miaka 3, yaani mihula 6, na kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unatakiwa kukusanya krediti zisizopungua 360. Msomaji wa Kenya atakuta mengi yanamfaa pia, ila yeye ana miaka 4 kwa kuwa anaingia chuo moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Mwaka wake wa kwanza hubeba sehemu kubwa ya yale ambayo Mtanzania ameyasoma kidato cha tano na sita.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi kabla ya kujisajili

Tafuta vitu vitatu: prospektasi ya chuo, kanuni za mitihani, na ratiba ya muhula. Prospektasi iwe ya mwaka ule ulioingia wewe. Mitaala hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kwa kawaida unafuata ule uliokuwepo ulipodahiliwa, kwa hiyo orodha uliyopewa na kaka yako aliyemaliza zamani inaweza kukupotosha.

Kisha chukua daftari au fungua jedwali kwenye kompyuta, uandike kozi zote za miaka mitatu. Mbele ya kila kozi weka krediti zake, muhula wake, kama ni ya lazima au ya hiari, kozi inayopaswa kuitangulia, na kama ina maabara. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo utakayoitumia kuliko zote.

Ukimaliza, nenda ofisi ya idara uulize swali moja: kati ya kozi hizi za hiari, zipi zimefundishwa kweli miaka miwili iliyopita? Prospektasi huorodhesha kozi nyingi, lakini mhadhiri akienda masomoni au wanafunzi wakiwa wachache, kozi haifunguliwi. Usijenge mpango juu ya kozi ambayo ipo kwenye karatasi tu. Zile zisizofunguliwa zifute kwa penseli, maana huenda zikarudi.

Hatua ya 2: Chora utegemezi wa kozi ukianzia mwisho

Kemia ya chuo ina matawi manne makubwa: kemia kaboni, kemia isokaboni, kemia fizikia na kemia changanuzi. Biokemia na kemia ya mazingira huota juu ya hayo. Kila tawi lina kozi za mwanzo, za kati na za juu, na zote zimefungamana. Usianze kuchora na mwaka wa kwanza. Anza na kile unachotaka kukifanya mwaka wa mwisho, urudi nyuma ukijiuliza kila mara: ili niielewe kozi hii, nilipaswa kujua nini?

Tuseme unataka mradi wa kutenga na kutambua kemikali zilizomo kwenye mimea ya dawa, eneo ambalo watafiti wa kemia Tanzania wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Ukishatenga dutu yako utahitaji kujua muundo wake, na hapo ndipo spektroskopia inapoingia, yaani kusoma muundo wa dutu kwa kuangalia mawimbi inayoyafyonza. Chukua mfano mdogo kabisa: umeambiwa fomula ni C₃H₆O. Spektra ya infraredi inaonyesha kilele kikali karibu na 1,715 kwa sentimita, kwa hiyo kuna kabonili, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni kwa bondi mbili. Lakini kabonili hiyo ni ya propanoni au ya propanali? Unageukia NMR ya hidrojeni, kipimo kinachoonyesha kila hidrojeni iko katika mazingira gani. Ukikuta ishara moja tu karibu na ppm 2.1, ni propanoni, kwa kuwa hidrojeni zake zote sita ziko katika mazingira yaleyale. Ukikuta ishara karibu na ppm 9.8, hiyo ni hidrojeni ya aldehaidi, na dutu yako ni propanali.

Hoja hiyo fupi imetumia vitu vitatu kutoka kozi tatu tofauti. Vikundi tendaji umevipata kwenye kemia kaboni ya mwanzo. Ulinganifu wa molekuli umeupata kwenye kemia isokaboni, pale mnapofundishwa simetria. Sababu ya viini vya hidrojeni kufyonza mawimbi ya redio ndani ya sumaku umeipata kwenye kemia ya kwanta, ambayo nayo imesimama juu ya hisabati. Mwanafunzi aliyepita kemia kaboni kwa kukariri menyuko, akaikwepa hisabati, atafika kwenye spektroskopia akiwa na jedwali la namba asilolielewa, na mradi utamwelemea.

Chora mishale hiyo kwenye karatasi moja kubwa. Utagundua kwamba kozi chache za mwaka wa kwanza zina mishale mingi inayotoka kwao. Hizo ndizo za kulinda kwa gharama yoyote. Kupata C kwenye kozi isiyoelekea popote kunauma mara moja. Kupata C kwenye kemia kaboni ya kwanza au kalkulasi kutakuuma kila muhula hadi umalize.

Hatua ya 3: Weka hisabati mbele, hasa kama ulisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia) au CBG (kemia, biolojia, jiografia)

Nitakaa hapa kwa muda kidogo, kwa sababu naamini ndipo shahada nyingi za kemia zinapokwama, na mwanafunzi mwenyewe hajui. Anasema "kemia fizikia ni ngumu", kumbe anachopambana nacho ni hisabati.

Aliyesoma PCM (fizikia, kemia, hisabati) kidato cha sita amefanya hisabati ya juu. Aliyesoma PCB au CBG kwa kawaida amefanya BAM (hisabati tumizi ya msingi), ambayo inagusa kalkulasi kwa juu juu. Wa CBG ana pengo la pili: hakusoma fizikia ngazi hiyo, kwa hiyo mawimbi, umeme na nishati ya mwendo vitamjia kama vitu vipya pale wenzake wanapovikumbuka tu. Wa PCM naye hajakamilika, kwani biokemia itamtaka biolojia aliyoiacha kidato cha nne. Ila pengo hilo huzibwa kwa kusoma. La hisabati huzibwa kwa mazoezi, na mazoezi yanataka miezi.

Ona linavyotokea darasani. Mhadhiri wa kinetiki, yaani somo la kasi ya menyuko, anaandika ubaoni kuhusu mmenyuko wa oda ya kwanza ([A] ni ukolezi wa kiitikio A, t ni muda, k ni namba isiyobadilika ya mmenyuko huo):

−d[A]/dt = k[A]

Mstari unaofuata anaandika:

ln[A] = ln[A]₀ − kt

Kati ya mistari hiyo miwili kuna hatua ya kutenganisha vigeu na kutafuta intego pande zote mbili. Mara nyingi haielezwi, kwa kuwa inachukuliwa kwamba umeshaifanya kwenye kalkulasi. Mwenye kalkulasi anaona hapohapo kwamba akichora ln[A] dhidi ya muda atapata mstari mnyoofu wenye mteremko wa −k, na kwamba nusu-maisha ni 0.693 kugawanya kwa k, bila kujali alianza na kiasi gani cha A. Asiye nayo ananakili mistari yote miwili, anakariri fomula ya oda sifuri, ya oda ya kwanza na ya oda ya pili, kisha mtihani unamletea mmenyuko wenye viitikio viwili na hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo panga hivi. Kama mtaala wako una kozi ya lazima ya kalkulasi mwaka wa kwanza, ichukulie kwa uzito uleule wa kozi ya kemia. Kama ni ya hiari, ichukue muhula wa kwanza au wa pili, hata kama wenzako wanakimbilia kozi yenye sifa ya kutoa A kwa urahisi. Lazima iwe imepita kabla ya themodinamiki na kinetiki, si kwenda nazo sambamba. Sambamba huwa ni kuchelewa, kwani themodinamiki inahitaji derivativu za vigeu vingi tangu mwanzo, wakati darasa la kalkulasi bado linashughulikia kigeu kimoja. Baada ya kalkulasi, tafuta aljebra ya matriki kabla ya kemia ya kwanta, na takwimu kabla ya kemia changanuzi ya vifaa.

Kama idara haina nafasi ya hisabati kwenye kozi za hiari, ifanye mwenyewe. Likizo kati ya matokeo ya kidato cha sita na kufungua chuo ni ndefu. Logarithimu na vielezo, derivativu, intego rahisi, grafu na miteremko: hayo yakikaa mkononi kabla hujafika, utaanza muhula ukiwa mbele. Muombe rafiki wa PCM daftari lake la kidato cha sita na ufanye maswali yenyewe. Kusoma mifano iliyokwisha kutatuliwa hakutoshi.

Hatua ya 4: Hesabu saa badala ya kuhesabu kozi

Krediti moja katika mfumo wetu inasimama badala ya saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, semina, maabara na kujisomea. Muhula wa kawaida una krediti 60 hivi. Maana yake ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki, sawa na ajira ya kutwa. Namba hiyo iandike juu ya ratiba yako, kwa sababu ndiyo kipimo cha kweli.

Sasa weka maabara ndani yake. Kipindi cha maabara mara nyingi ni saa 3, tuseme saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Kabla ya kuingia unahitaji kama saa moja kusoma zoezi, kuandaa jedwali la data na kujua hatari za kemikali utakazoshika. Baada ya kutoka, ripoti inakula saa 3 nyingine kama unaifanya kwa uaminifu. Jumla ni saa 7 kwa zoezi moja. Muhula ukikuletea maabara za kemia kaboni, kemia fizikia na kemia changanuzi kwa pamoja, saa 21 kati ya 40 zimekwenda kabla hujafungua daftari la mhadhara hata mmoja.

Rudi kwenye ile safu ya maabara uliyoijaza hatua ya kwanza, uhesabu kila muhula una ngapi. Utaona muhula mmoja au miwili, mara nyingi mwaka wa pili, yenye mrundikano. Kozi za lazima huwezi kuzihamisha. Za hiari unaweza. Kwenye muhula uliojaa maabara weka kozi ya hiari ya kusoma tu, na zile za hiari zenye maabara zisogeze kwenye muhula mwepesi. Hii ndiyo faida kubwa ya kuchora mpango mzima mapema, kwa kuwa anayechagua muhula kwa muhula hagundui mrundikano mpaka awe ndani yake.

Kuhusu ripoti, nina msimamo mkali: ziandike siku ileile. Chukua zoezi la kupima ugumu wa maji kwa EDTA, kemikali inayoshika ioni za kalsiamu na magnesiamu. Unaweka bafa ya pH 10 na kiashiria cha Eriochrome Black T, unadondosha EDTA kutoka kwenye bureti, na rangi inatoka nyekundu ya divai, inapita zambarau, hadi bluu safi. Tuseme usomaji wako ni mililita 24.10, 24.15 na 24.85. Ule wa tatu hauingii kwenye wastani, lakini msahihishaji anataka kujua kwa nini. Jioni ile bado unakumbuka kwamba mara ya tatu ulifungua bureti kwa kasi na ukapita mwisho wa titresheni. Baada ya siku nne hukumbuki, unaandika "makosa ya kibinadamu" kama kila mtu, na alama zinapotea. Alama hizo si ndogo. Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula hubeba asilimia 40 na mtihani wa mwisho asilimia 60, na katika vyuo vingi vya Kenya ni 30 kwa 70.

Zuia pia jioni baada ya maabara zisichukuliwe na kitu kingine. Kama kikundi chenu cha majadiliano hukutana vimbwetani (kwenye meza za nje za kusomea) siku ya maabara, omba mbadilishe siku. Na bumu (fedha za mkopo za kujikimu) likiingia, vitu vya maabara vitangulie: koti la pamba, miwani ya kinga, kikokotoo cha kisayansi, daftari lenye jalada gumu. Maabara nyingi hazikuruhusu kuingia bila koti na miwani, na kukosa zoezi moja ni kukosa alama ambazo hazirudi.

Hatua ya 5: Jua GPA (wastani wa pointi zako) inavyokokotolewa kabla ya kuchagua kozi za hiari

Alama hubadilishwa kuwa pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Kila pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote. Ukipata B kwenye kozi ya krediti 12 na A kwenye kozi ya krediti 8, hesabu ni 36 jumlisha 40, gawanya kwa 20, unapata 3.8. Anayechukua wastani wa kawaida anadhani ana 4.0.

Funzo lake katika kupanga ni kwamba A za kozi ndogo haziwezi kuokoa kozi kubwa iliyoachwa. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. Muda wako ugawe kwa kufuata krediti. Na usiichukulie sapu kama nafasi ya pili iliyo sawa na ya kwanza: katika vyuo vingi ukifaulu sapu, hata kwa alama ya juu, unaandikiwa C. Kanuni za kubeba kozi uliyofeli na za kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) zinatofautiana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo zisome kwenye kanuni za chuo chako wiki ya kwanza, wakati huna hofu nazo.

Hatua ya 6: Chagua kozi za hiari kwa kufuata kazi unayoitaka

Kozi tatu zinazoshikana zina nguvu kuliko tano zilizotawanyika. Anayesoma cheti chako aone mwelekeo.

Kama unaiona migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kwenye maabara za kupima sampuli za miamba, shikilia kemia changanuzi, kemia isokaboni na elektrokemia. Dhahabu hutolewa kwenye mwamba kwa myeyusho wa sayanaidi mbele ya oksijeni, kwa hiyo kemia ya ioni changamani na usawa wa pH ni mkate wa kila siku huko. pH ikishuka, sayanaidi hugeuka kuwa gesi ya sumu, na mkemia ndiye anayepaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kama unavutwa na maji, iwe ni mamlaka ya maji ya mkoa au maabara binafsi, changanya kemia ya mazingira, takwimu na mikrobiolojia ukiweza kuipata kutoka idara jirani. Mikoa ya kaskazini ina tatizo la muda mrefu la floraidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya Arusha na Manyara viko juu ya hapo. Mwanafunzi anayemaliza akijua kupima floraidi kwa elektrodi teule na kueleza njia za kuipunguza ana kitu cha kuzungumza kwenye usaili.

Dawa na chakula, yaani mashirika kama TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na TBS (shirika la viwango), wanataka mtu anayefahamu kromatografia, hasa ile ya shinikizo la juu, pamoja na kemia kaboni iliyokomaa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inagusa karibu kila tawi, kuanzia sumu hadi usimamizi wa kemikali viwandani. Anayetaka kuendelea na shahada ya uzamili asiiache kemia ya kwanta, na aongeze programu ya kompyuta hata ya mwanzo. Python kidogo ya kuchora grafu na kutafuta mstari bora itakuokoa saa nyingi za ripoti, hata kama hutaki uzamili.

Na kama moyo wako uko kwenye ualimu, fikiri mapema, kwa sababu shahada ya sayansi na ualimu ina mpangilio wake wa masomo mawili ya kufundishia na mazoezi ya kufundisha. Kuhamia huko ukiwa mwaka wa pili ni vigumu sana.

Hatua ya 7: Fildi na mradi vianze kutafutwa mapema

Nafasi za fildi kwenye maabara nzuri hujaa. Barua za kuomba nafasi ya likizo ndefu ziandikwe miezi kadhaa kabla, na uulize jambo moja mahususi: nitashika vifaa au nitajaza fomu? Fildi ya wiki nane ukiosha vyombo na kunakili namba inakuongezea kidogo. Maabara ndogo ya kiwanda cha sabuni au cha bia inayokupa bureti na spektrofotomita mkononi ni bora kuliko jengo kubwa linalokuweka mapokezi.

Mradi wa mwaka wa mwisho una jambo moja linalouamua kuliko wazo lenyewe, nalo ni kemikali. Kitendanishi kisichokuwepo stoo huenda kikaagizwa nje, na kuagiza kunaweza kula muhula mzima. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka wa pili nenda kwa mhadhiri unayetaka akusimamie, ukiwa na mawazo mawili au matatu, kisha mwombe ruhusa uongee na fundi sanifu wa maabara. Muulize kuna nini stoo, kifaa gani kinafanya kazi, kipi kinasubiri vipuri, na gesi za mitungi zinapatikana au la. Fundi sanifu anaijua maabara kuliko mtu yeyote na ushauri wake una uzito. Chagua mada inayowezekana kwa vilivyopo. Mradi mdogo uliokamilika, wenye data zilizorudiwa mara tatu na grafu ya kalibresheni iliyonyooka, utakupa alama nzuri zaidi ya mradi mkubwa uliokwama ukisubiri mzigo bandarini.

Hatua ya 8: Peleka mpango kwa mshauri wako

Usiende kwa mshauri wa taaluma kumwuliza "nichukue kozi gani?" Atakujibu kwa jumla. Nenda na jedwali lako na ramani ya mishale, umwoneshe muhula unaokutia wasiwasi, umwulize mambo anayoyajua yeye peke yake: je, kozi hii ya hisabati ya idara nyingine haitagongana na maabara yetu ya Jumatano? Je, kuna mabadiliko ya mtaala yanayokuja? Nikiipeleka kozi hii mwaka wa tatu, itakuwepo? Mgongano wa ratiba kati ya idara mbili unaweza kurekebishwa ukitajwa wiki ya kwanza, kabla ratiba haijatulia. Ukitajwa wiki ya tano unaambiwa uchague moja.

Ukishakubaliana naye, jisajili ndani ya muda, na mabadiliko yoyote ya kuongeza au kuacha kozi yafanye kabla dirisha halijafungwa. Chapisha ukurasa wa usajili uuhifadhi. Kuna wanafunzi waliosoma kozi muhula mzima, wakafanya mtihani, na jina lao halikuwa kwenye orodha kwa sababu mfumo haukuhifadhi chaguo lao. Aliyekuwa na karatasi alisikilizwa.

Matokeo ya kila muhula yakitoka, kaa na jedwali tena kabla ya kufungua chuo. Jaza alama, kokotoa GPA mwenyewe uilinganishe na ya mfumo, halafu fuata mishale inayotoka kwenye kozi uliyofanya vibaya. Kama ulipata C kwenye kemia kaboni ya kwanza, kozi inayofuata iko kwenye ratiba tayari, na una wiki chache za likizo za kurudia stereokemia na mifumo ya menyuko ukiwa na karatasi ya mtihani uliopita mbele yako.